Galaksi Tisini na Sita za Eda Yangu

Jumatatu, 14 Julai 1986

Mume wangu Stambuli alifariki Jumatano, tarehe tisa, saa tatu za asubuhi, kwa homa iliyomshika Jumapili. Nina miaka thelathini na moja, sina mtoto, na tangu siku ile nimo katika eda. Miezi minne na siku kumi sitoki katika nyumba hii ya Shela, hapa Malindi, ila kwa dharura. Sitii wanja, sijifukizi udi, silali kwingine.

Nimeitwaa kalenda ya ukutani nikahesabu. Miezi minne ni tarehe tisa Novemba; siku kumi juu yake, tarehe kumi na tisa. Nimeizungushia kalamu nyekundu. Angalau najua mwisho wake uko wapi.

Alhamisi, 17 Julai

Sikulala. Sikulia pia.

Jumanne, 22 Julai

Kahonzi amekuja. Anafundisha fizikia shuleni kwetu, mtu wa Rabai, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya shamba. Bi Nana, mama mkwe wangu, alimzuia mlangoni. Siku hizi kiti chake kiko pale pale mlangoni, chini ya ngazi, kutwa nzima, tasbihi mkononi, na hakuna anayepita bila kuulizwa. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikisikia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wamtaka nani?"

"Mwalimu Shekha. Nimemletea kazi yake."

"Mwenye eda hana kazi."

"Ni picha tu, bibi. Picha za nyota."

Bi Nana akafunua sanduku, akaitazama picha ya juu kwa muda. "Hizi hazina watu ndani," akasema, akampisha.

Sanduku ni la Dokta Ornella, Mtaliani aliyepanga nyumba hapa miezi sita, akaja shuleni mwezi wa Mei kutuzungumzia galaksi. Amesharudi kwao. Ametuachia picha tisini na sita za galaksi zile bapa, zilizo kama sahani, zenye mikono inayojizungusha. Kila picha ina karatasi yake, na juu ya karatasi mstari uliochorwa na mtambo wa redio. Mstari unakwenda sawa, unapanda, unafanya kilima, unashuka. Eneo lililo chini ya kilima ndicho kiasi cha gesi iliyomo. Kazi yangu ni kuhesabu miraba chini ya kilima, kupima upana wa galaksi kwa rula na kioo cha kukuzia, kisha kuhesabu jirani zake walio karibu.

Gesi ndiyo inayozaa nyota. Galaksi yenye gesi huendelea kuzaa. Ikiisha, nyota zilizomo huzeeka pamoja na hakuna mpya. Dokta anataka kujua kwa nini nyingine zina gesi tele na nyingine zimekauka. Ni maumbile yao, au ni mahali zinapokaa?

Sanduku jingine kama hili analo Mwaura, mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi. Mmoja wetu atakwenda Italia miaka miwili kulisomea jambo hili. Nataka niwe mimi. Ninaliandika kwa sababu siwezi kulisema kwa sauti katika nyumba yenye msiba. Sijapata kutaka kitu kama ninavyotaka hiki, na naona haya kwamba nilikitaka hata Stambuli akiwa hai.

Jumatano, 30 Julai

Msellem, ndugu wa marehemu, amehamia hapa na mkewe Fatu na watoto wao wanne. Anasema haifai mamake akae na mjane peke yao. Meza yangu imeteremshwa chini ili watoto wapate pa kulia. Nafanyia kazi juu ya kitanda, ubao wa kukandia chapati magotini.

Alhamisi, 7 Agosti

Galaksi ya kumi na tisa. Macho yanauma.

Jumamosi, 16 Agosti

Idi. Nilisikia takbira kupitia dirisha. Fatu alinipandishia sahani ya biriani, akaiweka sakafuni, akashuka. Nyama ilikuwa nzuri. Nililia nikila, na sikuacha kula.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimefika hamsini, na nimezipanga mafungu mawili kitandani: zilizo katika msongamano wa galaksi nyingine, na zilizo peke yao. Sikuhitaji hesabu ndefu. Zilizo peke yao vilima vyao ni virefu. Za msongamano vilima ni vifupi, na nyingine hazina kilima kabisa, mstari unapita umelala.

Dokta ameeleza katika barua. Katikati ya msongamano si patupu. Pamejaa gesi nyingine, nyepesi na moto sana. Galaksi inapoanguka ndani yake kwa kasi, inapigwa na upepo ule, na gesi yake inang'olewa. Huanzia pembeni. Sahani inapunguzwa ukingo kwanza, kisha ndani. Nyota hazing'oki, ni nzito. Kwa hiyo ukiitazama katika picha utaiona ipo, duara lake lipo, hata alama ya mikono ipo. Haifi siku hiyo. Inaendelea kuzunguka na hakuna kitakachozaliwa.

Nilipoisoma sehemu hiyo niliiweka barua chini. Kutoka jikoni Fatu alikuwa akiwapigia watoto kelele, Msellem anakohoa sebuleni, redio ya Stambuli iko chini kwao tangu wiki iliyopita. "Mama ameiomba," alisema Fatu. Meza kwanza, kisha redio. Najua kinachofuata ni chumba. Na yule bibi kizee amekaa mlangoni asije mtu akaniona, asije mtu akanitoa. Namchukia. Mungu anisamehe, lakini leo namchukia kweli.

Jumatano, 3 Septemba

Shule imefunguliwa bila mimi. Nimesikia kengele mpaka huku.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimegombana na Bi Nana. Niliteremka kuchukua maji nikasikia Msellem anamwambia kitu kwa sauti ya chini, naye anamjibu, "Si sasa. Bado yumo edani. Nimekwambia si sasa." Waliponiona wakanyamaza.

"Mnanizungumza mimi?" nikauliza.

"Panda juu, mwanangu," akasema Bi Nana.

"Mimi si mtoto, Mama. Kama mnagawana vitu vyangu, nigawieni mbele yangu."

Msellem akacheka kidogo. Bi Nana hakucheka. Akarudia tu, "Panda juu," na mimi nikapanda. Kikombe nimekisahau chini. Sitakifuata.

Mtu asiyejua kusoma, asiyejua hata leo ni tarehe ngapi, ndiye anayeniamuru.

Alhamisi, 18 Septemba

Sabini na mbili. Zile za msongamano, karibu zote kavu. Ninazipenda zaidi, na najua hii si tabia nzuri kwa mpimaji.

Jumanne, 23 Septemba

Namba sabini na tisa imenivuruga. Ni galaksi bapa, kubwa, nzuri, mikono imetulia kama mtu aliyelala. Haina kilima. Nimehesabu miraba mara tatu na mara zote hakuna cha kuhesabu. Basi nikaenda kutafuta jirani zake. Haina hata mmoja. Nikapanua duara mara mbili ya alivyoniagiza Dokta, bado hakuna. Nikageuza picha, nikaitazama kwa upande wa dirisha, nikakuta vidoa viwili hafifu pembeni. Nikaviandika kuwa jirani.

Kisha nikavifuta. Vilikuwa vumbi.

Nimemwandikia Dokta Ornella kumuuliza nani aliyeinyang'anya gesi galaksi hii.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kahonzi ameleta barua kutoka Nairobi. Mahojiano ya nafasi ya Italia ni Jumatatu, tarehe 17 Novemba, saa nne za asubuhi. Wazungu watatu watakuja kwa siku hiyo moja tu, haiwezi kubadilishwa. Nimechaguliwa mimi wa kwanza, na kama sitaweza, wajulishwe kabla ya mwisho wa Oktoba ili nafasi yangu apewe Mwaura.

Tarehe 17. Eda yangu inakwisha 19.

Kahonzi alisoma begani kwangu. "Aa, imekaa vizuri, Mwalimu!" akasema, akanipiga mgongoni.

 Mtu asiyekaa eda atajuaje? Nilimwambia ninaumwa na kichwa, akaondoka. Nilimsikia mlangoni akizungumza na Bi Nana muda mrefu, yeye aliyemzuia siku ya kwanza. Hata Kahonzi sasa ni wao.

Siku mbili. Zingekuwa ishirini nisingeumia hivi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jibu la Dokta kuhusu namba 79. Ni fupi: "Zipo za namna hiyo. Nyingine humaliza gesi yao wenyewe mapema, kwa kuzaa nyota kwa pupa. Nyingine hatujui. Lakini usimtafute jirani mahali ambapo hayupo. Andika ulichokiona."

Nimeandika nilichokiona. Sikuipenda barua hii.

Jumanne, 14 Oktoba

Kahonzi amekwenda kwao Rabai. Mamake mgonjwa.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua ya vuli imeanza. Maji yanavuja juu ya sanduku, nimelisogeza chini ya kitanda.

Nimeipiga hesabu kila namna. Kwenda Nairobi ni kulala njiani, na mwenye eda halali nje. Nikitoka kabla ya siku zangu, mji mzima utasema Shekha hakumngoja mumewe apoe. Msellem atapata neno la kunishikia maisha yangu yote. Kaka yangu Faki, kule Mambrui, hatanifungulia mlango. Na ukweli ni kwamba hata mimi sitaki. Stambuli alikuwa mtu mpole kwangu miaka saba. Siku zake nitamtimizia zote.

Basi nimeandika. Nimewashukuru, nimewaambia kwamba sheria ya dini yangu hainiruhusu kusafiri kabla ya tarehe 19, na nafasi wampe Mwaura. Nimeandika vizuri, bila kulalamika, mwandiko wangu wa ubaoni. Sikutaka kungoja mpaka mwisho wa mwezi, na sikutaka kuwa mtu wa kungojewa asitokee. Nilijiona mkubwa nilipoifunga bahasha.

Kahonzi hayupo, nikampa Msellem aipeleke posta. Aliichukua bila kuniuliza ni ya nini, na kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi. "Imekwenda, shemeji." Ni mara ya kwanza kunifanyia jambo siku ile ile.

Alhamisi, 23 Oktoba

Leo sikupima kitu.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua imeacha. Magharibi nilimwona Bi Nana uani, amesimama katikati ya matope, mkono juu ya macho, anatazama upande wa machweo. Akakaa vile kitambo. Kisha akasema, bila kumwambia mtu, "Umeandama," akaingia ndani. Nadhani ni mambo ya Maulidi, mwezi wa mfungo sita, wa sita baada ya Ramadhani, ndio wake.

Galaksi ya tisini na sita nimeimaliza saa tisa. Nimefunga mafungu kwa uzi. Kazi nzuri, nitaituma, na mwingine ataizungumzia.

Alhamisi, 13 Novemba



Baada ya alasiri Bi Nana alipanda ngazi. Hajapanda tangu msiba, magoti hayamruhusu. Nyuma yake Fatu na ndoo ya maji ya moto. Bi Nana ameshika leso mpya, chetezo na chupa ya marashi.

"Ondoka ukakoge, mwanangu. Jua likichwa eda yako imekwisha."

"Bado siku sita, Mama."

"Siku sita za nani?"

Nikamwonyesha kalenda, duara jekundu. Hakuitazama hata kidogo.

"Stambuli alikufa mwezi mosi, mfungo pili. Nimemzaa mimi, siku yake siisahau. Hesabu: mfungo pili, mfungo tatu, mfungo nne, mfungo tano. Minne hiyo. Na leo ni mwezi kumi, mfungo sita. Hicho ulichonacho ni cha kufungulia shule."

Nilifundishwa hili chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nikiwa na miaka minane. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa mbinguni. Ninalijua, nimewahi kuwaeleza wenzangu, na sikulikumbuka. Sikudhani kuna kitu cha kukumbuka. Mie wa kupima vitu vilivyo mbali hata nuru inachukua mamilioni ya miaka kufika, mwezi ulikuwa juu ya ua wetu na sikuutazama.

Bi Nana hakuona uso wangu. Aliketi kitandani akapumua, akaanza kusema kwa furaha, mara ya kwanza kumsikia hivyo tangu Julai.

"Kahonzi jana amerudi kutoka Rabai, nimemtuma atukatie nafasi mbili za basi, Jumamosi. Nakwenda nawe. Msellem asipate la kusema kwamba umesafiri peke yako. Siku ile alipokuja na barua, yule Kahonzi, akaniuliza eda yakwisha lini, nikamwambia, tukahesabu pamoja pale mlangoni. Siku tatu kabla ya mkutano wako! Nikasema Mungu amempangia. Sikukwambia, habari za furaha hazisemwi edani."

Nilimwambia. Sikumbuki kwa maneno gani. Nakumbuka Fatu aliiweka ndoo chini polepole.

"Uliandika," akasema Bi Nana.

"Niliandika."

"Nani aliyekwambia uandike?"

"Hakuna."

"Ulimuuliza nani siku zako?"

"Hakuna, Mama."

Akaikunja ile leso mpya magotini. "Nilikuwa papo hapo mlangoni," akasema.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimetoka nje kwa mara ya kwanza. Jua linaumiza. Kahonzi alinishika mkono mpaka posta, tukaomba simu ya Nairobi, tukangoja saa nzima. Mwanamke aliyepokea alikuwa na adabu. Barua yangu iliwafikia tarehe 27 Oktoba. Jina langu limeondolewa, Mwaura ameshapelekewa karatasi zake, wale wageni wana orodha yao. "Lakini wewe mwenyewe ulisema huwezi, mama." Nikamwambia ndiyo, ni mimi mwenyewe.

Kahonzi alilia barabarani, kwa sauti, watu wakageuka. "Ningekuwepo! Ningekuwepo ningeichana ile barua!" Ndiyo sababu niliituma asipokuwepo. Hilo sikumwambia, lakini nadhani amelijua.

Jumapili, 16 Novemba

Sasa nimeambiwa yote, na aliyeniambia ni Fatu, huku akichambua mchele, bila kuniangalia. Tangu wiki ya msiba Msellem anataka kunioa, niwe mke wa pili, nyumba isigawanyike. Alitaka kupanda kuniambia mwenyewe. Bi Nana alihamishia kiti mlangoni kwa ajili hiyo, akamwambia mwanawe kwamba kumposa mwenye eda ni haramu na kwamba atapita juu ya maiti yake. Redio aliichukua Bi Nana ili aijue saa ya taarifa, asikie mwezi umeonekana wapi. Fatu mwenyewe hakuwa na chuki na mimi. Alikuwa akiniogopa.

Miezi minne nilijiandikia jirani wabaya. Na kile kilichonikausha nilikifunga kwa bahasha mimi mwenyewe, nikakilambia gundi.

Eda imekwisha, na kile kiti hakina kazi tena.

Jumatatu, 17 Novemba

Saa nne za asubuhi, saa ile ile, niliitwa sebuleni. Msellem amevaa kanzu iliyopigwa pasi, pamoja naye ami yake na mzee mwingine. Bi Nana ameketi kwenye mkeka, tasbihi haiendi. Fatu yuko nyuma ya pazia, naona vidole vya miguu yake.

Ami alisema maneno mazuri kuhusu marehemu, kisha akasema ya Msellem, kisha akaeleza kwamba msichana akinyamaza amekubali, lakini mjane hanyamaziwi, lazima atamke kwa ulimi wake. Wakanitazama.

Nilikuwa na jibu. Tangu jana nimekuwa nikijiambia kwamba nikubali tu, kwamba mtu aliyeitupa bahati yake hana haki ya kuchagua, na Mambrui kwa Faki ni chumba kimoja na watu tisa, na kutoka huko mpaka shuleni ni mbali, na shule pengine wameshaweka mwingine. Nilifungua mdomo kuwaambia nimekubali.

Nikamgeukia Bi Nana. "Mama," nikasema, "wewe waonaje?"

Ami akasema si desturi kuulizwa mamake mposaji. Bi Nana alimwacha amalize.

"Usikubali, mwanangu," akasema. "Mimi nimemzaa, namjua."

Nikatamka kwa ulimi wangu kwamba sikubali. Msellem hakunitazama mimi. Alimtazama mamake, kwa namna ambayo sijapata kuona mtu akimtazama mamake, kisha akaondoka na wazee wake.

Ijumaa nahamia Mambrui. Nimemwomba Bi Nana tufuatane, akasema hapa ndipo kaburi la Stambuli lilipo, na magoti hayawezi. Yeye anabaki nao.